Kozi ya EPCRA si lazima Uganda

Ndugu mnaouliza kama kiwanda cha hapa Uganda ni lazima kilipie wafanyakazi kozi ya EPCRA, hapana, msiilipie, ile ni sheria ya Marekani ya 1986 ya kujiandaa kwa dharura za kemikali na kuwajulisha wananchi, ilitungwa baada ya ile gesi ya sumu iliyovuja Bhopal, India, 1984, kwa hiyo kiwanda cha Namanve au Jinja hakidaiwi ile ripoti yao ya Tier II, yaani orodha ya kemikali hatari zilizopo kiwandani, inayotolewa kila mwaka kufikia Machi 1. Huku kinachotubana ni sheria ya usalama na afya kazini ya 2006, na hiyo inamtaka mwajiri afundishe watu, si kubandika karatasi ukutani basi. Mimi niko stoo ya kemikali, anza kwa kuwafundisha kusoma ile karatasi ya usalama inayokuja na kila kemikali, ina sehemu 16 lakini wakaririshe ya 4, 5 na 6, yaani huduma ya kwanza, moto na kumwagika, maana klorini ikivuja nani atakaa chini asome zote? Ila kama kampuni ina tawi kule Marekani, hao wa kule EPCRA inaweza kuwahusu.