Mahali pa Kukutana Bila Kuagiza Chai

Wiki jana dada mmoja wa Njoro aliniandikia. Wako watano, wote hawakupata alama walizozitaka kidato cha nne, na sasa wanataka kurudia mtihani wakiwa watahiniwa wa kibinafsi. "Dada, vitabu tutaazimana, ila mahali pa kukutania hatuna. Kila mmoja wetu anaishi chumba kimoja na watu wengine." Niliusoma ujumbe huo nikiwa ndani ya matatu, nikapitishwa steji yangu bila kujua. Miaka sita iliyopita mimi ndiye niliyekuwa hapo alipo.

Nilikuwa na D+ yangu, mtoto mmoja, biashara ya mitumba isiyoniinua wala kuniangusha, na umri wa miaka 26. Tulikuwa wanne. Tulianza kukutana kwenye hoteli moja ndogo hapa Nakuru, kwa sababu ilikuwa karibu na steji. Kila baada ya nusu saa mhudumu alikuja, akapangusa meza aliyokwisha kuipangusa, akauliza, "Niwaletee nini?" Chai shilingi 30, andazi 10. Mwenye kazi haoni hiyo kuwa pesa.

Mmoja wetu, aliyetushinda sote kwa hisabati, alianza kusema ameshiba. Wiki ya tatu akasema ana mafua. Wiki ya tano hakuja. Nilimsema mbele ya wenzake, kwamba hana bidii na anatupotezea wakati. Baadaye mamake ndiye aliyenieleza: binti alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Kaptembwo hadi mjini na kurudi, na hakuwa na hiyo 30 ya chai. Jambo hilo bado linaniuma. Tulimfukuza mtu kwa kikombe cha chai, na mimi ndiye niliyekuwa nikijiita kiongozi wa kikundi.

Ndipo tukahamia maktaba ya umma. Mlangoni unaacha mkoba, unapewa kibao chenye namba, unaingia na daftari na kalamu. Changu siku hiyo kilikuwa 47, pembe zake zimesagika kwa mikono ya waliokishika kabla yangu. Nilikaa saa nzima nikitazama mlango, nikingoja mtu aje aniulize nitachukua nini. Hakuja mtu. Nilikuwa nimeuzoea mji ambao hata kivuli kinalipiwa.

Vitabu vya hisabati utavipata kwenye rafu yenye namba 510, kemia 540, mifugo 636. Lakini si vitabu pekee vilivyotuokoa. Kulikuwa na mzee aliyekuja kusoma magazeti. Siku moja alitusikia tukinong'onezana juu ya hesabu za moli, zile za kemia, tukikosea mara ya tatu, akakunja gazeti lake akavuta kiti. Kumbe alikuwa mwalimu mstaafu. Alitufundisha muhula mzima bila kuomba senti. Kule hotelini asingetufikia, maana huwezi kuvuta kiti kwenye meza ya watu wanaokula.

Miezi ya kusoma sitaisimulia. Nilipata C+, alama inayokufungulia mlango wa chuo kikuu, na leo niko Egerton mwaka wa tatu. Nalisema kwa fahari kwa sababu nilililipia kwa usingizi.

Sasa mnisikilize, nyinyi mnaotaka kusonga mbele. Nendeni maktaba. Ulizeni mapema kama kuna ada ya kuingia, na kadi ya uanachama inahitaji nini. Mkutubi mwambieni ninyi ni kikundi kabla hamjaketi. Sisi hatukumwambia, tukabishana kwa sauti, mlinzi akatutoa nje watu wote wakitutazama. Nilikasirika wiki mbili, siku ya tatu ya wiki iliyofuata nikarudi na kuomba vizuri, tukapewa benchi la nje ambapo mtu anaweza kuzungumza. Kuomba hakugharimu kitu. Ombeni.

Na mzilinde. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba mikononi mwa serikali za kaunti, kwenye kifungu kimoja na michezo ya kamari na majumba ya sinema. Kamari mnaiona inavyostawi hadi kwenye simu zenu. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti, ni wangapi kati yetu husimama kutaja viti na vitabu vya maktaba? Tunasimama kutaja barabara, tunaketi. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Bibi zetu hawakupewa kiti hicho. Sisi tumepewa, halafu tunakiacha kishikwe na vumbi tukilalamika kwamba mjini hakuna pa kukaa bila pesa.

Dada wa Njoro, njooni Jumamosi, na mje asubuhi. Ikifika Oktoba viti hujaa watoto wa shule wanaojiandaa kwa mtihani, mtasimama.

Jambo moja zaidi. Juzi nilipita soko la Wakulima nikamkuta yule wetu wa hisabati akiuza viazi. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Hayo yalipita," huku akipanga viazi vyake, hakuniangalia. Nikamweleza habari zenu, kwamba mko watano na hamna mtu wa hisabati. Alinyamaza, akampimia mteja ndoo moja, akampa chenji. Kisha akaniuliza maktaba inafunguliwa saa ngapi.