Maswali na majibu: Pima boksi kwanza, ndipo uulize nauli

Maswali haya yametoka kwa wauzaji wadogo wanaofungasha bidhaa nyumbani na kuzituma mikoani au ng'ambo. Nimeyafupisha.

Njia gani ni nafuu kutuma mzigo mkoani?

Swali hili haliishi kuja, na kila linapokuja linakosa mambo manne: uzito, urefu na upana na kimo cha boksi, wilaya unakokwenda mzigo, na siku ambazo mteja yuko tayari kusubiri. Bila hayo hakuna anayeweza kukujibu, na wakala atakayekutajia bei bila kukuuliza atakuongezea mbele ya mizani. Kwa ujumla, mzigo wa kilo 5 hadi 30 usiovunjika, unaokwenda mji ulio kwenye barabara kuu, mpe basi. Nyaraka, au kifurushi cha mteja aliye mbali na stendi, anzia Posta. Ndani ya jiji, bodaboda. Nunua mizani na futi ya fundi cherehani kabla hujanunua stika za nembo.

Nilituma mikoba mitatu ya ukili Ujerumani kwa kampuni ya vifurushi vya haraka, ndani ya boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Mizani ilisoma kilo 1.8, nikatozwa kilo 7.5. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Umelipia hewa. Kampuni za vifurushi vya haraka hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi lako la 40 kwa 30 kwa 30 lina sentimita za ujazo 36,000, yaani kilo 7.2, na hesabu hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, ndiyo hiyo 7.5. Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, ndiyo maana hesabu iko hivyo.

Dawa yake ni kupunguza boksi. Kunja mikoba, ingiza mmoja ndani ya mwingine, kisha kata boksi libaki na kimo cha sentimita 15. Sasa una 18,000 gawanya kwa 5,000, kilo 3.6, itakayotozwa kama kilo 4. Umeokoa karibu nusu ya uzito unaotozwa bila kupunguza hata mkoba mmoja.

Kuna faida nyingine kubwa zaidi. Posta ina huduma ya kifurushi kidogo cha kimataifa, isiyozidi kilo 2 pamoja na boksi. Jumla ya vipimo vitatu isizidi sentimita 90, na upande mrefu usizidi 60. Boksi lako la kwanza lilikuwa na jumla ya 100, lisingepokelewa. Hili la pili lina 85, na kama halijavuka kilo 2 linapita. Hapo bei hufuata uzito wa mizani. Litachukua siku nyingi zaidi, kwa hiyo mwambie mteja kabla hajalipa, na lisajili lipate namba ya ufuatiliaji.

Jambo moja hukuuliza: ukili ukifungwa ukiwa na unyevu huota ukungu njiani. Uanike hadi ukauke kabisa. Pia muulize mteja kama forodha ya nchi yake inadai cheti cha afya ya mimea, kwa sababu mzigo ukishazuiwa huko wewe huna la kufanya.

Naweza kutuma pawabenki kwa posta kwenda nje?

Hapana. Wala manukato yenye spiriti. Usiandike "vipodozi" kwenye fomu ukitumaini kupita: vitu hivi vinaweza kuwaka moto angani.

Mzigo wa nguo niliompa kondakta wa basi haukufika Mbeya. Ofisi ya basi inasema haiutambui. Nifanye nini?

Inasema kweli, maana haikuupokea. Mzigo aliopewa kondakta mkononi ni makubaliano yako na yeye, na ukipotea huna karatasi ya kumdai mtu. Mtafute huyo kondakta kupitia tarehe, saa na namba ya basi, lakini usitegemee sana.

Safari ijayo peleka mzigo kwenye ofisi ya mizigo ya kampuni, angalau saa mbili kabla ya basi kuondoka. Dai stakabadhi yenye jina lako na simu yako, jina na simu ya mpokeaji, idadi ya vifurushi, vilivyomo, thamani yake na namba ya basi. Wengi huandika "boksi 1" tu. Boksi 1 la nini? Likipotea, la soksi na la simu vina thamani moja mbele ya ofisi. Soma pia maandishi madogo ya nyuma, kwa kuwa kampuni nyingi huweka ukomo wa fidia pale. Kama mzigo wako unazidi ukomo huo, ugawe au utafute huduma yenye bima.

Andika anwani pande mbili za boksi kwa kalamu isiyofutika, kisha weka karatasi nyingine ndani, kwa sababu lebo ya juu hubanduka mabegi yanaposuguana. Taja mji na kituo cha kushukia. Mizigo mingi inayodaiwa kupotea imeshushwa kituo cha njiani au imepitilizwa hadi mwisho wa safari. Piga picha ya boksi na ya stakabadhi, mtumie mpokeaji, na mpe simu ya ofisi ya huko, siyo ya huku. Aufuate siku ileile, maana ofisi nyingi hutoza pesa ya kuhifadhi.

Mafuta yangu ya nazi na asali humwagika kila nikituma. Nimeongeza soletepu, bado.

Soletepu haizibi chupa iliyojazwa hadi mdomoni. Acha nafasi ya sentimita 2 juu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na buti la basi mchana lina joto zaidi ya hapo: uliyafunga yameganda, yanasafiri yakiwa maji na yametanuka. Tumia kifuniko chenye mpira ndani au foili ya kubandika kwa joto. Ukizungusha soletepu shingoni, izungushe kuelekea upande kifuniko kinakokazia, la sivyo unakilegeza.

Kila chupa iingie kwenye mfuko wake uliofungwa, ili moja ikivuja isichafue zote. Tumia boksi la kuta mbili, kati ya chupa na chupa weka kadibodi, na pande zote acha sentimita 5 za karatasi iliyofinyangwa kwa nguvu. Kabla ya kutuma, laza chupa kifudifudi juu ya karatasi usiku kucha. Ukikuta doa asubuhi, usitume.

Mteja wa Marekani anasema bidhaa chini ya dola 800 haina ushuru. Niandike "zawadi" kuwa salama?

Msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote tangu 29 Agosti 2025. Na usiandike "zawadi" kwenye kitu ulichouza, huo ni uongo wa kiforodha na mzigo unaweza kushikiliwa. Andika bidhaa kwa ukamilifu ("mkoba wa kusuka kwa mkono, ukili", siyo "mkoba"), idadi, bei halisi na nchi ilikotengenezwa. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa ushuru.

Namba ya ufuatiliaji ya Posta haionekani mtandaoni.

Hesabu: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Jumla 13. Katikati hakuna herufi O, kila inayofanana nayo ni sifuri. Kama huna namba ya namna hiyo, ulituma barua ya kawaida na haifuatiliwi.

Nitangaze "delivari bure, lipa ukipokea" ili kuvuta wateja?

Fanya hesabu. Gauni unaloliuza 25,000 limekugharimu 17,000. Bodaboda 5,000, mfuko na lebo 1,200. Unabaki na 1,800. Mteja mmoja asipopokea simu, unalipa kwenda na kurudi 10,000, na faida ya magauni matano imeondoka, ya sita imeguswa. Wanaonitajia tangazo hili wote wanataja wateja waliopata, hakuna anayetaja mizigo iliyorudi. Mteja atangulize nauli kwa simu, bei ya gauni alipe akipokea. Na kabla bodaboda hajaondoka, mpigie mteja umsikie yuko wapi.