Kabla hujanunua bastola ya kalamu

Jamaa mmoja aliniita chumbani kwake gesti, Tunduma, siku nilipopeleka viazi. Akafunga mlango, akachomoa kitu mfuko wa shati. Nikadhani kalamu, zile nene za mabosi. "Shika, mzee." Ilikuwa chuma kitupu, baridi, ubavuni haina namba wala jina. Inapiga risasi moja ndogo, saizi ya .22. "Ile ya kiunoni wakikunyang'anya, hii ndiyo inakutoa."

Mimi nina bastola ya leseni tangu nilipoporwa pesa za maharage. Niliihangaikia: barua ya mtaa, kamati ya usalama, kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wilaya, mkoani, mpaka kwa msajili wa silaha. Miezi na miezi. Sasa kitu cha kununua dakika tano kilinivutia, sidanganyi. Nikamwambia nakwenda kufikiri.

Niliporudi nyumbani Uyole, Mbeya, nikafanya jaribio. Ilikuwa Juni, baridi ile ya vidole kugeuka vya mtu mwingine. Bastola halisi niliiacha imefungiwa kabatini, haikuhusika. Nikavaa koti langu zito, mfuko wa ndani nikatia bisibisi fupi, saizi ileile ya kalamu. Mama Tumaini akashika simu kuhesabu muda. "Haya, jambazi huyo!"

Mara ya kwanza sekunde tisa, zipu imeng'ata kitambaa. Mara ya pili nikachomoa funguo za kibanda. Mara ya tatu bisibisi ilitoka kwa kasi nzuri kabisa, ila ncha inatazama tumbo langu mwenyewe. Mama Tumaini akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Baba Tumaini, jambazi keshafika Igawa huyo."

Mwenye panga akiwa hatua kumi anakufikia kabla hujamaliza kuhesabu tatu. Na ukiwahi, una risasi moja, mtutu mfupi kama kidole, hauna mahali pa kulengea. Vibastola vya namna hii si vipya. Marekani kulikuwa na Remington ya mitutu miwili iliyotengenezwa tangu 1866 mpaka 1935, ya kuficha kiganjani. Rais Lincoln mwaka 1865 aliuawa kwa kibastola kidogo cha risasi moja, lakini muuaji alisimama nyuma yake, na Lincoln alikuwa ameketi anatazama mchezo. Wewe wa kwako hatakaa akusubiri. Siku hizi kule wameunda hata bastola ya kukunja, inafanana na simu. Hebu fikiria askari wa usiku anakumulika tochi pale Mwanjelwa, nawe unaingiza mkono mfukoni kutoa "simu".

Tena hukohuko Marekani, kwenye bunduki nyingi kuliko watu, bastola ya kalamu haiuzwi kama pipi: sheria yao ya 1934 inaiweka kwenye kundi maalumu, lazima iandikishwe serikalini.

Kwetu ni kubaya zaidi. Leseni yangu inataja bastola moja, kwa aina yake na namba yake. Haisemi "na vinginevyo". Kitu kisicho na namba utakiandikishaje? Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015 haina mlango wa kukipitisha. Halafu wengi hawajui hili: ukikamatwa na silaha isiyo na leseni, hati ya mashtaka inasomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi. Ndiyo, uhujumu uchumi, kwa kalamu.

Najua utasema nilikuwa najitetea. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vidogo vyake, inakupa haki ya kujitetea, wewe, mwenzako na mali yako, kwa nguvu isiyozidi kiasi. Lakini hata hakimu akikubali ulijitetea kihalali, swali la silaha uliitoa wapi linabaki mezani, na hilo lina kesi yake peke yake.

Wale wenye gobole la babu lisilo na leseni, la kufukuzia ngedere na nguruwe shambani, nanyi mmo humohumo. Serikali imewahi kutoa misamaha, kama Septemba na Oktoba 2022, unasalimisha na hushtakiwi. Kikitangazwa kipindi kingine, usikae unajadiliana na nafsi. Na ukiona kweli unahitaji bastola ya pili, ndogo, nenda na sababu zako kupitia njia ileile ndefu. Ukikataliwa, umekataliwa.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kubeba pesa. Mnunuzi anatuma kwenye simu au benki mzigo ukipimwa, dereva anabaki na ya mafuta na chakula tu. Sitoki Makambako usiku, na kila mzigo una mtu wa pili.

Jamaa wa Tunduma alipiga simu mara mbili, sikupokea. Koti liko kwa fundi, anabadilisha zipu.