Amesema ana IP yangu: je, anajua ninapolala?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka dogo la steshenari mjini Sumbawanga. Juma lililopita nilibishana na mtu nisiyemfahamu katika kundi la biashara la WhatsApp, naye akanitumia kiungo alichodai kuwa ni orodha ya bei. Nilipokibofya, ukurasa ulikuwa mtupu. Dakika chache baadaye aliniandikia kwamba ameipata IP yangu na sasa anajua ninapolala. Nilipotazama mipangilio ya simu niliona 192.168.1.7, lakini tovuti ya kuonyesha IP ilinipa namba nyingine kabisa na kusema niko Dar es Salaam. Namba ipi ndiyo yangu, na je, mtu huyu anasema kweli? – Msomaji, Sumbawanga.

JIBU: Dada yetu, IP ni namba ya anwani ambayo kifaa hutumia kwenye mtandao. Namba zote mbili ni zako kwa wakati huu, ila kila moja ina eneo lake la kazi. Ile ya 192.168.1.7 ni ya ndani, nayo umepewa na ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi dukani kwako, ili iweze kuitofautisha simu yako na kompyuta iliyo kando yake. Katika miaka ya 1990 yalitengwa mafungu matatu ya namba za ndani, yaani zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na hizi za 192.168, ili kila nyumba na kila ofisi izitumie bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa hiyo wako watu wengi mno duniani ambao simu zao zina namba kama yako, na aliye nje hawezi kukufikia kwa kuitumia.

Namba uliyoonyeshwa na tovuti ndiyo ya hadharani. Tovuti hiyo haikuipekua simu yako. Ilisoma tu anwani ambayo majibu yanapaswa kurudishwa, kama karani wa posta anavyosoma anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha. Kila tovuti unayoifungua huiona namba hiyo, kwa sababu bila hiyo ukurasa usingejua uende wapi. Mtu wako alifanya hivyo hivyo: ukurasa ule mtupu uliandaliwa uandike namba ya kila anayeufungua. Kwa ujumbe wa maandishi peke yake asingeipata, kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp hupitia kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni hiyo kabla ya kumfikia mpokeaji.

Sasa tuangalie alichopata. Anajua kampuni inayokupa intaneti, anajua nchi, anajua saa uliyobofya, na yumkini anajua aina ya simu na kivinjari chako, maana kivinjari hujitambulisha chenyewe kila kinapofungua ukurasa. Jina lako, namba yako ya simu na mtaa unaoishi havimo ndani ya IP. Hata mji ni wa kubahatisha: tovuti hizi hutazama katika hifadhi za kumbukumbu zinazoeleza namba fulani imesajiliwa kwa kampuni gani na inaelekea hutumika wapi, na kwa kuwa njia ya kampuni ya kutokea kwenye intaneti huweza kuwa mbali sana na mteja, wewe wa Sumbawanga unaonekana uko Dar es Salaam.

Makosa ya namna hii yaliwahi kuwatesa watu. Mwaka 2016 iliripotiwa nchini Marekani kwamba hifadhi moja ya aina hiyo, kila iliposhindwa kujua namba iko wapi zaidi ya kuwa iko Marekani, iliiweka karibu na katikati ya nchi, na nukta hiyo ikaangukia kwenye shamba moja katika jimbo la Kansas. Wenye shamba, wasiohusika na lolote, walifuatwa kwa miaka na polisi pamoja na watu wenye hasira waliodhani wamewapata wahalifu wa mtandaoni.

Kuna jambo jingine linalozidi kukuficha. Anwani za mtindo wa zamani, zenye namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, hazifiki bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa mwezi Februari 2011. Kampuni nyingi, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya hadharani. Ukitaka kujua kama nawe umo, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yako utazame anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inatofautiana na ile ya tovuti, hasa ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, basi unachangia namba na wengine.

Anayeweza kuiunganisha namba hiyo na wewe ni kampuni yako ya intaneti, kwa kutazama kumbukumbu zake za saa husika. Polisi wanaweza kuidai taarifa hiyo chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mgomvi wa kwenye kundi hawezi. Kwa sababu hiyo usiufute ujumbe wake, kwani vitisho vikiendelea ndio utakaoupeleka kituoni.

Kwa kweli, kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba katika kundi lile tayari anaiona namba yako ya simu, na pengine picha yako ukiwa mbele ya duka lenye kibao. Hivyo vinamwelekeza kwako kuliko IP. Anza kwa kuficha picha, kisha mzuie. Ukipigiwa simu za WhatsApp na usiowajua, washa pia kinga ya anwani ya IP iliyo katika mipangilio ya faragha, kwa sababu bila hiyo simu huweza kuunganishwa moja kwa moja baina yenu na namba ikaonekana.

Wengi watakushauri utumie VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwanza. Huificha namba yako kwa tovuti, lakini mwenye VPN ataiona, nawe utakuwa umemkabidhi imani uliyomnyima mwingine. Tena, mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zake, hivyo usiiweke kabla ya kulielewa tangazo hilo.

Jioni ya leo zima Wi-Fi, washa data ya simu, ufungue tena tovuti ileile. Namba aliyokutishia nayo haitakuwapo, na huenda mji nao ukawa mwingine.