Ni kweli fundi mawe aliongoza jimbo akiwa kwenye bunge alilolichonga mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi ujenzi hapa Tanga, mwaka wa 11 huu, na juzi mafundi wenzangu wamenichagua niwe katibu wa chama chetu. Mzee mmoja hapa saiti aliniambia kuna fundi mawe huko Australia alichonga mawe ya jengo la bunge halafu baadae akaingia bunge hilohilo akawa mkubwa wa jimbo zima. Wenzangu wanasema hizo ni stori za kijiweni, siasa ni ya watu wa suti. Ni kweli au tumepigwa fiksi? Na kama ni kweli alirukaje mpaka huko?

JIBU: Marahaba fundi wangu, na hongera sana kwa ukatibu. Ni kweli kabisa. Anaitwa Thomas Price, watu walimwita Tom, alizaliwa 1852 Brymbo kule Wales, akakulia Liverpool na huko ndiko alikochonga mawe mpaka 1883 akahamia Adelaide, Australia Kusini, na mke wake Anne, sababu kubwa ilikuwa afya. Baba yangu mwenyewe alichonga mawe ya matumbawe maisha yake yote, jioni anarudi nyusi nyeupe kama mzee wa miaka 80 na usiku sisi watoto tunasikiliza kikohozi chake, kwa hiyo nikisoma habari za Price hapo huwa nasimama kidogo.

Sasa Adelaide walikuwa wanajenga bunge jipya, upande wa magharibi, kwa graniti na marumaru ya Kapunda, na Price akapata kazi palepale ya tindo na nyundo. Upande ule ukakamilika 1889 (wa mashariki ulikuja kumalizika 1939, yaani jengo lilikaa nusu miaka 50!). Mwaka 1893 akachaguliwa mbunge, akaingia kukaa ndani ya kuta alizozichonga.

Ila neno lako "alirukaje" ndilo nataka nilijibu vizuri, maana hakuruka. Alikuwa katibu wa chama cha mafundi mawe na waashi, kazi kama uliyopewa wewe juzi. Katibu ndiye anaandika kumbukumbu za kikao, anadai ada kwa watu ambao hawajalipwa wiki 2, anakaa meza moja na kontrakta anayetaka kupunguza ujira na hatakiwi kutoka pale mikono mitupu, na baadae anarudi kuwaeleza wenzake kwa nini wamepata shilingi 8 na sio 10. Mimi naamini siasa yote aliisomea hapo.

Na kulikuwa na mambo mawili yaliyomfungulia njia. La kwanza mgomo mkubwa wa mabaharia na watu wa bandarini wa 1890, ulishindwa vibaya, vyama vya wafanyakazi vikaona kugoma peke yake hakutoshi lazima wawe na watu wao bungeni, ndio Januari 1891 wakaanzisha chama chao cha siasa hapo Adelaide. La pili watu wengi hawalitaji kabisa na mimi naona ndilo lenye uzito: tangu 1887 wabunge wa Australia Kusini walikuwa wanalipwa mshahara. Bila huo mshahara fundi mwenye watoto angekula nini, bunge lingebaki la wenye mashamba na mabenki tu.

Mwaka 1899 akawa kiongozi wa wabunge wa Leba, yaani chama hicho cha wafanyakazi, na Julai 1905 akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Hakuwa na viti vya kutosha, akaungana na waliberali wa Archibald Peake. Kabla yake serikali za Leba zilikuwa za kupita tu, ile ya Queensland ya 1899 ilidumu wiki moja! Ya Price ilidumu karibu miaka 4. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na baraza la juu la bunge (bunge lao lilikuwa na mabaraza mawili), ambalo kulipigia kura ilibidi uwe na mali au nyumba ya kodi ya kiwango fulani, alitaka kiwango kishuke, wakamgomea, akaitisha uchaguzi 1906 akarudi na viti vingi zaidi, mwisho akakubali pungufu ya alichodai. Wapo wa chama chake walionuna. Mimi simlaumu, ukiwa katibu miaka miwili mitatu utaniambia mwenyewe.

Serikali yake pia ilizinunua tramu za farasi kutoka kampuni binafsi zikawa mali ya umma. Tarehe 9 Machi 1909 tramu ya kwanza ya umeme ikatoka karakana ya Hackney kwenda Kensington, na aliyeshika usukani siku hiyo, akisaidiwa na injinia, ni Anne, mke wa fundi mawe aliyevuka naye bahari. Price alifariki Mei 31 mwaka huohuo, ana miaka 57, bado akiwa Waziri Mkuu.

Mzee wako hakukudanganya, mpe salamu zangu.