Breki zimefeli mtihani gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marehemu baba mdogo ameniachia gari la michezo, Datsun 240Z. Mvua zote lilikaa chini ya turubai hapa Kizota, Dodoma, hendibreki ikiwa juu, na sasa magurudumu ya nyuma hayazunguki kabisa. Kwenye kundi la ukoo niliandika "breki zimefeli". Fundi anasema "zimejam". Shangazi anasema "zimeganda". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Shangazi. (Na gari la michezo ni lile linalobeba jezi na mipira kwenda Uwanja wa Jamhuri. Lako, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ni gari la mbio. Hilo nimelisema, nimelipita.)

Ningeishia hapo, ila umenitonesha kidonda. Feli tulilichukua kwa Mwingereza tukalipa kazi moja tu, ya shuleni: mtahiniwa kakosa alama, kafeli. Siku hizi limetoka darasani bila ruhusa. Figo zimefeli, mtandao umefeli, ndoa imefeli, na kila lori likipinduka mteremko wa Sekenke tunaambiwa breki zilifeli. Zilikalia chumba gani cha mtihani? Nani alizisahihisha?

Lingekuwa linaeleweka, ningelivumilia. Lakini tazama linavyokuponza. Dereva wa Sekenke akisema breki zimefeli, anakanyaga na lori bado linashuka. Za kwako zimeshika mpaka gari halitoki. Mambo mawili yanayopingana, neno moja! Chukulia fundi hajaliona gari, kapata ujumbe wako tu: "breki zimefeli". Atakuja na oili ya breki na raba za masta silinda, akijua pedali inazama hadi chini. Anafika, anakuta pedali ngumu kama kawaida yake, na gurudumu halisogei hata vijana wanne wakisukuma. Sasa apande bodaboda arudi mjini kufuata nyundo na dawa ya kutu. Nauli hiyo analipa nani? Mlipishe feli.

Maneno ya Kiswahili hayakuwa yamekwisha. Breki isiyofanya kazi haishiki, haikamati, na dereva wake hana breki. Konda akipiga kelele "hana breki!" basi zima linaelewa, hakuna anayeuliza matokeo yametoka lini. Breki isiyoachia ndiyo yenye akiba kubwa zaidi. Gari lako lina diski mbele na dramu nyuma, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, viatu vya breki vikilibana kwa ndani. Viatu vya breki vikiachwa vimebana dramu, unyevu ukaingia, kutu huvishikanisha na chuma: vimeganda, vimegandamana. Ndipo aliposimama shangazi. Pistoni ya kalipa, kile kibano cha breki ya diski, ikiota kutu ndani ya tundu lake, imekwama. Waya wa hendibreki usiporudi hata ukiishusha, umeng'ang'ania. Mpira wa breki uliozeeka, ukavimba kwa ndani, oili ikapita kwenda isirudi, huo umeziba. Fundi anayejua hulegeza nati ya kutolea upepo: gurudumu likiachia, presha ilikuwa imenaswa, lisipoachia, chuma chenyewe ndicho kilichoshikana. Kati ya kunaswa na kukwama kuna tofauti ya kununua mpira na kufumua kalipa nzima. Wewe unataka yote hayo yabebwe na feli.

Kwa ufupi tu: -am- ya kwama, simama, inama na gandama hueleza kitu kutulia katika hali fulani; -at- ya kamata, ambata na fumbata hueleza kugusana na kushikana. Lugha imeitengea breki viambishi viwili, sisi tunakwenda kuazima kwenye karatasi ya matokeo ya kidato cha nne.

"Zimejam" nimechoka kupigana nalo. Gerejini limezoeleka, barabarani kwenye foleni limezoeleka, na angalau linasema kitu hakiendi. Fundi wako asiliandike kwenye risiti, basi. Kwa mdomo aseme atakavyo, mradi dramu aifungue kwa adabu: aweke kuni au mawe magurudumu ya mbele, ashushe hendibreki, avilegeze viatu, apake dawa ya kutu pale dramu inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) tu, maana viatu vikilowa mafuta ni vya kutupa. Agonge ukingo kwa nyundo ya mpira. Dramu ikiwa na matundu mawili yenye hesi (mikato ya kuingizia bolti), kama zilivyo nyingi za Kijapani, atie bolti mbili azikaze kwa kupokezana hadi itoke yenyewe.

Ila akilifunga kamba akalivuta na Land Cruiser, akavibandua viatu, ukabaki na breki zisizoshika kabisa, andika tu kwenye kundi la ukoo kwamba zimefeli. Shangazi atakujibu, mimi sitakuwepo.