Majani yako chini, si kileleni: ushauri kwa anayekwenda kupanda treni ya Mlima Washington

Kama una mtoto au ndugu kaskazini-mashariki ya Marekani na kila siku anakwambia uende ukamtembelee, mwambie akukatie tiketi ya mwisho wa Septemba. Watu wetu wengi huenda Juni na Julai kwa kuogopa baridi. Joto hilo tunalo hapahapa Darajani, Unguja, tena bure. Nenda wakati majani yanapogeuka rangi, na ukishafika umwombe akupeleke New Hampshire ukapande treni ya Mlima Washington. Habari za viza siandiki. Hizo kila mtu na bahati yake.

Mlima wenyewe una mita 1,917. Kwa mtu aliyekulia Unguja, ambako kupanda kilima cha Masingini ndiko kupanda, si haba. Reli ilifika kileleni mwaka 1869, na ndiyo ya kwanza duniani kupanda mlima kwa meno. Katikati ya njia mbili za chuma mnazozijua kuna ya tatu yenye meno, na chini ya injini kuna gurudumu la meno linaloishika hiyo, hatua kwa hatua. Injini haivuti, hukaa upande wa chini ikasukuma behewa moja tu. Pahala pakali kabisa panaitwa Ngazi ya Yakobo, na hapo mwinuko unapita asilimia 37: kila mita 100 unazokwenda mbele, unapanda mita 37. Usisimame hapo kupiga picha. Keti, ushike kiti.

Inasimuliwa kuwa aliyeibuni, Sylvester Marsh, alipoomba kibali kwenye bunge la jimbo mwaka 1858, wabunge walicheka wakasema apewe ruhusa ya kufika mpaka mwezini. Msiende kule nanyi mkajifanya wageni wa treni, lakini. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitandika reli yake ya kwenda Chukwani mwaka 1879, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Na ile ya Bububu, ya 1905, ilijengwa na kampuni ya Wamarekani haohao.

Sasa majani. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani kadiri treni inavyopanda ndivyo rangi zitakavyozidi, kumbe ni kinyume. Chini, karibu na stesheni ya kuanzia, ndiko kwenye miti inayopukutika: mepo (ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada) na mingine yenye maganda meupe ambayo hugeuka manjano. Ukipanda kidogo unaingia kwenye misonobari, nayo ni kijani mwaka mzima. Juu zaidi hakuna mti, ni mawe matupu. Kwa hiyo ukiwa juu unazitazama rangi kwa mbali, chini bondeni, kama kutakuwa hakuna ukungu. Fika stesheni mapema, tembea hapo chini, piga picha zako zote kabla ya kupanda.

Mnajua majani ya mkungu yanavyokuwa mekundu kabla ya kuanguka? Fikiria mkungu, halafu fikiria bonde zima. Siku zinapokuwa fupi, jani huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imefichwa muda wote ikajitokeza. Wekundu wa mepo hutengenezwa wakati huohuo, na hukolea zaidi pakiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika barafu. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuahidi tarehe. Milimani huko, wiki ya mwisho ya Septemba mpaka katikati ya Oktoba ndiyo ya kulenga. Ikwepe Jumatatu ya pili ya Oktoba na siku zinazoitangulia, maana ni sikukuu yao, barabara hazipitiki na vyumba bei yake haisemeki. Nenda katikati ya wiki. Tiketi ikatwe mapema, na saa ni saa: treni haingoji ijae kama daladala.

Safari nzima ni kama saa tatu, pamoja na takriban saa moja kileleni. Injini nyingi sasa ni za dizeli. Ukitaka ya makaa ya mawe, uliza wakati wa kukata tiketi, na usivae kanzu nyeupe wala shungi jeupe, masizi hayachagui.

Baridi msiifanyie mzaha. Chini unaweza kuwa na sweta ukaona raha, kileleni Oktoba joto linacheza kwenye nyuzi 0, na upepo wake ni jambo jengine. Mwaka 1934 ulipimwa hapo upepo wa kilomita 372 kwa saa. Koti zito, soksi za sufi, kofia inayofunika masikio. Chukua chupa ya chai na mkate wa kumimina, kwa sababu chakula cha halali huko juu usikitegemee. Na kwa anayetaka kusali: hapa tumezoea kuelekea kaskazini, kule kibla ni kaskazini-mashariki, basi uwe na dira kwenye simu.

Njiani mtapita Bretton Woods, penye hoteli kubwa nyeupe yenye mapaa mekundu. Humo mwaka 1944 ndimo yalimofanyika makubaliano ya kuunda Benki ya Dunia na IMF. Wazee wa barza yetu niliporudi walitaka habari za hoteli hiyo kuliko za treni.

Kama unafuatana na bi mkubwa mwenye magoti mabovu, au wewe mwenyewe kimo kinakutia kizunguzungu, achana na mlima. Panda treni ya bondeni inayoondoka North Conway, stesheni ya mwaka 1874, ichague ile safari inayopita Crawford Notch, pengo lililo baina ya milima. Inakwenda katikati ya miti hiyohiyo, kwa utulivu. Kwa majani peke yake, mimi hiyo naiweka mbele.